Wiki mbili za kozi ya udhibiti: mhasibu wa mamlaka ya maji aende akajifunze nini?

Msomaji mmoja, mhasibu katika mamlaka ya maji ya mji wa mkoa hapa Tanzania, ameniandikia kwamba uongozi umemhamishia kwenye kitengo kipya cha bei na masuala ya udhibiti. Ametakiwa achague kati ya kozi ya wiki mbili nje ya nchi, ambayo ada, nauli na posho zake zitameza sehemu kubwa ya bajeti ya mafunzo ya mwaka, na mafunzo mafupi ya humu nchini pamoja na ya mtandaoni. Anauliza iwapo kozi hizo humfundisha mtu kazi au humpatia cheti tu, aanzie somo gani, na kama isingekuwa busara zaidi nafasi hiyo apewe mhandisi.

Ndugu msomaji, kozi nzuri zipo na waalimu wake wengi wanaijua kazi. Hata hivyo, atakachovuna mshiriki hutegemea zaidi alichokwenda nacho kuliko alichokikuta darasani. Mtu ambaye hajawahi kulifuata ombi la kurekebisha bei tangu linapoandaliwa hadi amri ya bei inapotolewa, akikaa darasani wiki mbili atarudi na msamiati mpana na jalada la slaidi. Aliyekwisha kulifuata, akakwama mahali fulani na asijue kwa nini mdhibiti alikata namba yake, atarudi na majibu. Kwa hiyo, kabla hujachagua kozi yoyote, chukua faili la ombi la mwisho la bei la mamlaka yako na ulisome lote, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na amri iliyolifuata.

Mfumo wetu unakuwezesha kufanya hivyo bila gharama kubwa. Sheria ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji ambayo ndiyo mdhibiti wetu, ilitungwa mwaka 2001 na mamlaka yenyewe ikaanza kazi mwaka 2006, ikisimamia umeme, mafuta ya petroli, gesi asilia, maji na usafi wa mazingira. Mamlaka ya maji inapotaka kubadilisha bei, huwasilisha mpango biashara, hesabu zake, takwimu za uzalishaji na mauzo, na hoja za kila gharama. Mdhibiti huchambua, huitisha mkutano wa taftishi ambako wananchi na baraza la ushauri la watumiaji husema yao, kisha bodi huamua, na asiyeridhika ana njia ya kukata rufaa Baraza la Ushindani. Kila hatua kati ya hizo huacha karatasi, na karatasi hizo ndizo kitabu chako cha kwanza cha kiada. Zisome mara mbili: mara ya kwanza kama mwombaji anayehitaji fedha, mara ya pili kama mchambuzi wa upande wa pili ambaye kazi yake ni kuuliza, "Hii nayo imetoka wapi?"

Nieleze ninachomaanisha kwa hesabu ndogo, ambayo namba zake nimezitunga ili zigawanyike kwa urahisi. Chukua mamlaka inayozalisha uniti 100,000 za maji kwa mwezi, yaani lita 1,000 kwa kila uniti, lakini inauza uniti 62,000 tu, kwa kuwa asilimia 38 hupotea njiani au hutumika bila kulipiwa. Gharama zake kwa mwezi ni shilingi milioni 90: umeme wa pampu milioni 30, mishahara milioni 28, matengenezo milioni 15, uchakavu wa mali milioni 10 na dawa za kutibu maji milioni 7. Mhasibu atagawanya milioni 90 kwa uniti 62,000 na kupata takribani shilingi 1,452 kwa uniti, kisha ataomba bei hiyo kwa moyo mweupe, maana hesabu ni sahihi. Mdhibiti atauliza kwa nini mteja anayelipa ankara yake kila mwezi abebe maji ya bomba lililopasuka na ya jirani aliyejiunganishia usiku. Akiamua kwamba upotevu unaokubalika ni asilimia 25, atagawanya gharama zile zile kwa uniti 75,000, na bei itakuwa shilingi 1,200. Kwa kuwa mauzo halisi bado ni uniti 62,000, mamlaka itakusanya milioni 74.4 hata kama kila mteja atalipa, na pengo la milioni 15.6 kila mwezi litabaki mikononi mwa menejimenti.

Hapo ndipo udhibiti unapoanza kuwa taaluma, kwa sababu uamuzi huo unaweza kuwa sahihi na ukaiua mamlaka. Milioni 15.6 zitatoka wapi? Mishahara haikatwi, na umeme usipolipwa pampu zitasimama, hivyo kitakachokatwa ni matengenezo, ambayo katika mfano wetu ni milioni 15. Mwaka unaofuata mabomba yatapasuka zaidi, upotevu utapanda, na pengo litapanuka. Mdhibiti aliyefunzwa vizuri hawezi kuishia kwenye asilimia 25. Atapanga ngazi za kushukia, labda 35 mwaka wa kwanza, 31 wa pili na 27 wa tatu, na ataziambatanisha na fedha za dira mpya na za kutafuta mavujo. Meneja aliyefunzwa vizuri naye hatangoja kushushiwa ngazi hizo, ataziomba mwenyewe akiwa na ushahidi.

Ushahidi huo huanzia kwenye kutenganisha upotevu wa aina mbili ambao katika taarifa nyingi huandikwa kama namba moja. Maji yanayovuja ardhini yameshakugharimu umeme na dawa, hivyo ukiziba mavujo, unaweza kuzalisha kidogo na gharama ikashuka. Maji yanayoibwa, au yanayopita kwenye dira iliyochoka inayosoma pungufu, yameshamfikia mtumiaji. Ukiyadhibiti, gharama za uzalishaji hazishuki sana lakini mapato yanapanda. Matibabu ni tofauti, muda wake ni tofauti, na hata idara inayowajibika ni tofauti. Nimekutana na maombi ya bei yaliyoandaliwa kwa ustadi mkubwa wa kihasibu ambayo hayakuwa na mstari hata mmoja unaotenganisha mambo hayo mawili.

Jambo la pili ambalo ningependa mhasibu alielewe mapema ni uchakavu wa mali za ruzuku, kwa sababu hapo ndipo mafunzo yako ya awali yatakapokukwaza. Sehemu kubwa ya mitambo ya maji nchini imejengwa kwa fedha za Serikali na wafadhili. Kihasibu unaandika uchakavu wake kama wa mali nyingine yoyote. Kiudhibiti, kuna hoja nzito kwamba mteja asilipishwe kupitia bei kitu ambacho mlipa kodi, ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe, ameshakilipia. Lakini uchakavu huo ukiondolewa wote kwenye bei, siku pampu itakapokufa hakutakuwa na akiba ya kununua nyingine, na mamlaka itarudi kuomba ruzuku. Wadhibiti hawalitatui suala hili kwa namna moja. Binafsi naegemea upande wa kuruhusu uchakavu wa vitu vya maisha mafupi kama pampu na dira hata kama vilitolewa bure, kwa sharti kwamba fedha hizo ziwekwe kwenye akaunti isiyoguswa kwa matumizi mengine. Ukienda kozini, mwulize mwalimu swali hili siku ya kwanza, na jibu lake litakuonyesha kama amefanya kazi na watoa huduma wa umma au makampuni binafsi tu.

Swali hilo ni la msingi, kwani nadharia nyingi zinazofundishwa zilizaliwa kwenye makampuni binafsi ya Marekani na Uingereza. Utafundishwa kesi ya Hope Natural Gas ya mwaka 1944, ambamo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kinachopimwa ni matokeo ya jumla ya bei, si kanuni ya hesabu iliyotumika. Utafundishwa makala ya Averch na Johnson ya mwaka 1962, iliyoonyesha kwamba kampuni inayohakikishiwa faida kwa kila shilingi ya mtaji itashawishika kuwekeza kupita kiasi. Utafundishwa pia pendekezo la Stephen Littlechild la mwaka 1983 kuhusu simu za Uingereza, la kuruhusu bei ipande kwa kiwango cha mfumuko wa bei ukitoa asilimia fulani ya ufanisi, ili kampuni ibaki na kile inachookoa. Mambo haya yote yana akili na yanastahili kujulikana. Lakini jiulize nani katika mamlaka yako atabaki na kile kinachookolewa. Hakuna mwenye hisa anayengoja gawio, na mkurugenzi hapati zaidi kwa kupunguza gharama. Ukiitoza faini mamlaka ya umma, faini hiyo italipwa na wateja wale wale unaowalinda. Kichocheo cha faida, ambacho nadharia hizo zimejengwa juu yake, kwetu kinafanya kazi kwa udhaifu mkubwa.

Ndiyo maana ningependa mafunzo yoyote utakayochagua yawe na sehemu ya kutosha kuhusu usimamizi wa watoa huduma wanaomilikiwa na umma, na mfano wa karibu uko Uganda. Shirika la taifa la maji la huko, NWSC, mwishoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa na hali mbaya, na zaidi ya nusu ya maji lililozalisha haikuleta mapato. Chini ya William Muhairwe, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1998 hadi 2011, lilianza na programu ya siku 100 mwaka 1999, kisha likaingia katika mfululizo wa mikataba ya utendaji: kati ya Serikali na shirika, na kati ya makao makuu na mameneja wa miji, ikiwa na malengo yanayopimika na marupurupu yanayotegemea kuyafikia. Hayo yalifanyika bila kuwapo mamlaka huru ya udhibiti wa maji. Sisemi kwamba mdhibiti hahitajiki. Nasema kwamba mabadiliko ya shirika la umma yana mbinu zake, na mtu anayesomea udhibiti bila kusomea mbinu hizo ataandika amri nzuri zisizotekelezeka.

Njia nyingine inayofaa mashirika ya umma ni kuanika matokeo. EWURA hutoa kila mwaka taarifa ya utendaji wa mamlaka za maji na kuzipanga kwa viwango, na WASREB, mdhibiti wa maji wa Kenya, hufanya vivyo hivyo. Mkurugenzi asiyeogopa faini anaogopa sana kusomwa wa mwisho mbele ya waziri na waandishi wa habari. Lakini njia hii ina sharti lake, nalo ni kwamba takwimu ziwe za kweli. Mamlaka isiyo na dira kubwa kwenye chanzo hukadiria uzalishaji kwa saa za pampu kufanya kazi, na mwenye kukadiria anaweza kukadiria vizuri sana inapokaribia tarehe ya taarifa. Mafunzo ya kukagua takwimu, yaani kwenda kwenye chanzo, kusoma dira na kulinganisha na kitabu cha zamu, hayana mvuto wa jina na hayafanyiki Ulaya, lakini ningeyaweka mbele ya somo lolote la nadharia ya bei.

Sasa nije kwenye kozi zenyewe. Inayojulikana zaidi duniani ni ya kituo cha utafiti wa huduma za umma cha Chuo Kikuu cha Florida, PURC, kilichoko Gainesville, Marekani, ambayo ilianzishwa mwaka 1997 kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, na huchukua wiki mbili. Inachanganya watu wa umeme, maji na mawasiliano, wadhibiti na watoa huduma, na nguvu yake kubwa kwa maoni yangu ni huo mchanganyiko: utakaa meza moja na mtu aliyekwisha kufanya kosa ambalo wewe unakaribia kulifanya. Florence, Italia, kuna shule ya udhibiti iliyoanzishwa mwaka 2004 chini ya Taasisi ya Chuo Kikuu cha Ulaya. Chimbuko lake ni nishati na soko la Ulaya, hivyo kwa mtu wa maji wa mji wa mkoa sehemu kubwa itakuwa mbali na meza yake, ingawa kozi zake za mtandaoni humwezesha mtu kuchagua anachohitaji. Karibu na nyumbani kuna ESAWAS, umoja wa wadhibiti wa maji na usafi wa mazingira wa Mashariki na Kusini mwa Afrika wenye sekretarieti Lusaka, na kwa upande wa nishati kuna umoja wa wadhibiti wa Afrika Mashariki, EREA, wenye makao Arusha. Chuo cha Maji cha Dar es Salaam hakifundishi udhibiti kwa kina hicho, lakini mhasibu anayetaka kuelewa kwa nini pampu inakula umeme mwingi hivyo hatapoteza muda wake huko.

Kabla hujalipa chochote, fahamu kwamba PURC na Benki ya Dunia walitengeneza mkusanyiko mkubwa wa maarifa kuhusu udhibiti wa miundombinu, unaosomwa bure mtandaoni, wenye maelezo ya kila somo na maswali ya kujipima. Usome kwa miezi kadhaa ukiwa na faili lako la bei pembeni. Ukiumaliza na bado una maswali yasiyojibika kwa kusoma, basi una sababu ya kusafiri.

Kuna mambo mawili ambayo kozi nyingi huyagusa juu juu, na wewe utayakuta ofisini kabla ya mwaka kwisha. La kwanza ni muundo wa bei. Karibu kila mahali utafundishwa bei ya ngazi: uniti za kwanza kwa bei nafuu ili kumlinda mnyonge, zinazofuata kwa bei ya juu zaidi. Kwenye karatasi inapendeza. Sasa ingia katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na dira moja. Kila familia ikitumia uniti nne kwa mwezi, dira itasoma uniti 24, na wapangaji hao wote kwa pamoja wataangukia ngazi ya bei aliyowekewa mwenye jumba na bustani, huku mzee anayeishi peke yake kwenye nyumba kubwa akifurahia bei ya mnyonge. Asiye na dira kabisa ananunua kwa ndoo kwenye kioski, na bei ya ndoo ikipigwa hesabu kwa uniti huweza kuizidi ya wote hao. Hesabu ya ngazi haiwezi kupangwa na mtu asiyejua mji wake unavyoishi, na hili hakuna mwalimu wa Gainesville atakayekufanyia.

La pili ni uhuru wa mdhibiti. Mwishoni mwa mwaka 2016 EWURA iliridhia bei ya umeme ipande kwa takribani asilimia 8.5, ikiwa ni pungufu ya kile TANESCO, shirika la umeme la taifa, ilichoomba. Kabla bei hiyo haijaanza kutumika, waziri mwenye dhamana aliisitisha, na siku ya mwaka mpya wa 2017 mkurugenzi mtendaji wa TANESCO akaondolewa. Kila mtu ana maoni yake kuhusu tukio hilo, na wananchi wengi walishangilia. Kwa anayesomea taaluma hii, lenye maana ni kwamba hatua zote za taftishi zilikuwa zimefuatwa, na bado uamuzi haukusimama. Uhuru ulioandikwa kwenye sheria hulindwa kwa maelezo yanayoeleweka na watu wa kawaida, yanayotolewa mapema, na kwa wadau waliosikilizwa kiasi cha kuweza kuutetea uamuzi hata wasioupenda. Kuandika sababu za uamuzi kwa Kiswahili kinachosomeka ni ujuzi, una mbinu zake, na unastahili siku zake kwenye ratiba ya mafunzo kama ilivyo kwa hesabu za mtaji.

Ukitaka mfano wa kusomea mikataba, usiende mbali na Dar es Salaam. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji wa jiji ulikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba uliokusudiwa kudumu miaka 10, na mwezi Mei 2005 Serikali ikauvunja. Shauri lilikwenda hadi baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji la ICSID, ambalo mwaka 2008 liliona kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji lakini halikuamuru fidia, kwa kuwa hasara ya mwekezaji haikusababishwa na ukiukaji huo. Hukumu yake ni ndefu na inachosha, lakini ndani yake utaona jinsi zabuni iliyojengwa juu ya takwimu dhaifu inavyobomoka mwezi kwa mwezi. Angalia pia mpangilio wa tarehe: mwendeshaji aliingia na kutoka kabla mdhibiti hajaanza kazi, ingawa sheria ya mdhibiti ilikuwapo tangu mwaka 2001.

Swali lako la mwisho, la mhandisi au mhasibu, nalijibu hivi. Kama fedha zinatosha watu wawili kwa mafunzo ya kanda lakini mmoja tu kwa safari ya mbali, pelekeni wawili, mhasibu na mhandisi pamoja, kwa sababu ombi la bei huharibika kwenye mpaka kati ya meza zenu: mhandisi anaandika mahitaji bila fedha, mhasibu anaandika fedha bila kujua bomba. Mwanasheria naye asisahauliwe mkifika kwenye mikataba na rufaa. Nafasi ikibaki kuwa moja, aende yule atakayebaki kwenye faili la bei kwa kipindi chote cha amri ijayo, ambacho aghalabu ni miaka mitatu, na hilo liandikwe kwenye barua ya ruhusa. Nimeona watu wakirudi kutoka kozi za gharama kubwa na kuhamishiwa manunuzi kabla ya robo mwaka kwisha.

Mweleze pia mkurugenzi wako kwamba hutaomba kwenda kabla hujaandika rasimu yako mwenyewe ya ombi lijalo, yenye upotevu uliotenganishwa, uchakavu uliochambuliwa, na orodha ya maswali unayokwama. Ukiniletea rasimu hiyo nitaisoma kama mchambuzi wa upande wa pili, nawe utajua ni masomo yapi ya kulipia.